Nyasi za Asili Nazo Zipandwe

Kila msimu wa kupanda miti ufikapo, viongozi na wananchi wa Ngara na Biharamulo hushika majembe. Jambo hilo ni jema, nasi tunaliunga mkono. Lakini mche mchanga hauwezi peke yake kuzuia udongo wa mlimani. Kazi hiyo hufanywa na nyasi, nazo hatuzipandi.

Ngara inaijua gharama ya ardhi iliyo uchi. Mwezi Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja hivi. Kuni na nguzo za vibanda zilikatwa katika vilima vilivyozunguka kambi. Hatuwalaumu, walikuwa wakiokoa roho zao. Walirejea kwao mwishoni mwa mwaka 1996, lakini ardhi haiponi upesi kama kambi inavyofungwa. Aidha, udongo uchukuliwao na mvua huingia Mto Kagera, na Kagera huumwaga katika Ziwa Viktoria. Kwa hiyo ndugu zetu wa visiwani wasidhani kwamba habari hii ni ya watu wa milimani tu.

Miongoni mwa nyasi za asili za nyika zetu zimo zile ambazo wataalamu huziita Themeda triandra. Huota kwa mashina yaliyoshikana, huishi miaka mingi, na mizizi yake huukamata udongo. Kila mbegu ina mkia uliosokotwa. Mkia huo ukilowa na kukauka hujizungusha na kuisukuma mbegu ardhini. Huko Australia, ambako nyasi hizi pia ni za asili, hupandwa bustanini na katika ardhi iliyoharibika.

Mbegu mpya hulala miezi kadhaa kabla ya kuota. Basi zivunwe zikikomaa, zihifadhiwe mahali pakavu, na zipandwe juu juu mvua zinapoanza. Mwenye bustani aweza kuchimba shina, kuligawa na kupanda vipande. Mifugo izuiwe mpaka mizizi ishike, kisha ilishwe kwa kiasi. Kondoa ni ushahidi: mwaka 1979 mifugo ilipoondolewa katika maeneo yaliyomomonyoka, uoto ulirudi.

Tunaziomba halmashauri za wilaya zitenge tuta moja la nyasi za asili katika kila kitalu cha miti, na shule zikusanye mbegu. Udongo ukishafika ziwani haurudishwi kwa maazimio.