Mtihani wa Makosa ya Watu Wengine

Karatasi za mazoezi ya Kiingereza zinazotolewa kopi Bukoba mjini, mkoani Kagera, hazitofautiani sana. Jaza nafasi: "their" au "there", "its" au "it's", "affect" au "effect". Haya ni makosa ya Mwingereza na Mmarekani, mtu aliyeisema lugha miaka kadhaa kabla ya kushika kalamu. Masikioni mwake maneno hayo hayatofautiani, au yanakaribiana mno, basi akiandika anateleza. Mwanafunzi wa wilaya ya Muleba, mkoani humo humo, amepita njia ya kinyume. Tangu 1967 shule za msingi za serikali, isipokuwa chache, zinafundisha kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo tu, mpaka kidato cha kwanza kinapogeuza karibu kila kitu. Neno "their" amelikuta ubaoni kabla hajalisikia kwa mtu mwenye haraka. Hapo si rahisi kumnasa.

Yeye anateleza kwingine. Darasani anayetaka kalamu husema "niazime kalamu", na akishaipata atasema "nimeazima kalamu". Kitenzi ni kilekile. Anayetoa na anayepokea wanajulikana kwa viambishi. Kwa Kiingereza basi anaandika "borrow me your pen", na kwa hesabu ya Kiswahili hajakosea kitu: "me" ameiweka kufanya kazi ya "ni". Mwalimu anakata kwa wino mwekundu, anaandika "lend" juu yake, anavuta daftari linalofuata. Kwamba Kiingereza kimeigawa kazi hiyo kwa vitenzi viwili, hakuna aliyesema. Kusikia nako ni vivyo hivyo. Tunasikia redio, njaa, baridi na harufu ya samaki wa kukaanga, na hatujawahi kuchanganyikiwa. Anayeandika "I am hearing cold" amefuata kanuni, ila si ya Kiingereza. Tena kuna "he" na "she", ambazo kwazo mama mzazi hugeuzwa mwanamume katikati ya insha, kwa kuwa Kiswahili na Kihaya, lugha ya nyumbani kwake, havijali jinsia ya anayetajwa.

Kwenye "live" na "leave" mtoto wa Kihaya ana mtaji asioambiwa. Lugha yake hutofautisha irabu fupi na ndefu. Urefu si tofauti yote kati ya maneno hayo mawili, lakini ni pa kuanzia. Bahati mbaya shuleni Kihaya mara nyingi ni lugha ya kukatazwa, kwa hiyo mtaji huo huachwa getini.

Kagera, Kiingereza si somo tu. Nchi nzima humtania Mhaya kwa jina la "nshomile", yaani nimesoma, na kudai hamalizi sentensi bila kuchomeka neno la Kiingereza. Utani huo una mizizi katika kahawa iliyolipa ada na misheni zilizojenga shule: seminari ya Rubya, wilayani Muleba, ndiko alikopita Laurean Rugambwa, ambaye mwaka 1960 alifanywa kardinali. Mahali penye sifa hiyo, kuchanganya "advice" na "advise" kikaoni ni jambo la kusimuliwa wiki nzima, na karatasi za mazoezi zinauzika. Zinatolewa kopi hata kwenye maduka yaliyoandikwa "stationary", yaani yasiyosogea, jambo ambalo kwa duka ni kweli kabisa. Hakuna mteja aliyewahi kupotea kwa sababu hiyo.

Maswali yanayofaa yako kwenye madaftari ya kidato cha pili yaliyokwisha kusahihishwa. Mwalimu akikaa jioni moja na kunakili makosa yanayojirudia, atapata mtihani ambamo "it's" huenda isionekane kabisa, na "borrow" itabidi aiulize mara tatu.