Sharti lisilo na ‘la sivyo’ humeza majina orodhani

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa sekondari, alimwomba mpwawe amwandikie programu fupi ya kompyuta. Agizo lilikuwa hili: ‘Waliopata chini ya 40 waongezee alama tano.’ Kijana akaandika, orodha ikatoka. Mwalimu kuhesabu, majina 11! Darasa lina wanafunzi 48. Je, wale 37 walienda wapi?

Kosa si la kompyuta, na wala sidhani ni la kijana peke yake. Hebu tuitazame sentensi yenyewe. ‘Waliopata’ ni kitenzi chenye urejeshi. Kinateua baadhi ya watu katika kundi. Tumeambiwa wateule watendewe nini, lakini kuhusu waliosalia, kimya. Msikilizaji wa Kiswahili hujaza pengo hilo mwenyewe. Ukimwambia mtu ‘akija mpe chai’, haulizi afanye nini asipokuja. Kompyuta haina hisani hiyo.

Katika lugha za programu zinazojengwa juu ya fankisheni, kama Haskell, kazi hizi mbili hutenganishwa. Ya kwanza ni kuchuja: waliotimiza sharti hubaki, wengine hutupwa. Ya pili ni kumpitia kila aliyemo, kumfanyia jambo, kisha kutoa orodha mpya yenye idadi ileile. Mwalimu alihitaji hii ya pili, sharti likiwa ndani yake: ‘Kwa kila alama, ikiwa chini ya 40, toa alama hiyo pamoja na tano, la sivyo, itoe ilivyo.’

Hilo ‘la sivyo’ ndilo roho ya jambo. Haskell huikataa katakata ‘ikiwa’ isiyo na ‘la sivyo’, kwa kuwa kila usemi lazima uzae thamani. Hata kumwacha mtu alivyo ni tendo, na lazima litajwe.

Kijana wetu alitumia Python, lugha iliyoazima mtindo huu, na humo mambo yanachekesha kidogo. Neno la sharti likikaa mwishoni, baada ya orodha kutajwa, linachuja. Likitangulia, pamoja na mwenzake wa ‘la sivyo’, linawageuza wateule na kuwaacha wengine walivyo. Yeye aliliweka mwishoni. Tusimcheke, hata sisi ‘wanafunzi wote hawakufaulu’ na ‘si wanafunzi wote waliofaulu’ hutuchanganya, ilhali tofauti ni pale tulipoweka ukanushi.

Kitenzi ‘badilisha’ nacho kinapotosha. Tunasema programu ‘imebadilisha’ orodha, kumbe katika mtindo huu orodha ya awali haiguswi, inazalishwa nyingine kando. Bahati ya mwalimu ilikuwa hapo: alama zake za kwanza zilikuwapo zote. Mstari mmoja ulirekebishwa, majina yakarudi 48, na 11 kati yao yana alama tano zaidi.