Viwanja Viwili, Safari Moja: Nasaha kwa Wapitiao Nairobi

Wahenga wetu walisema, msafiri maskini ajapokuwa sultani. Ukweli wa neno hili tuliuonja mwezi mmoja wa Julai, tukiwa watu wanne wa nyumba moja, katika ukumbi wa uwanja wa ndege wa Wilson, jijini Nairobi. Tiketi tulikuwa nazo, pasi zetu zilikuwa sawa, na fedha hazikutupungukia. Lakini ndege ya Lamu ilikuwa imekwisha kuruka, na siku ile haikuwapo nyingine.

Tulikuwa tunakwenda kuzika. Bibi yetu alifariki Lamu baada ya Isha, nasi habari zikatufikia Ghuba usiku uleule. Tukanunua tiketi kwa haraka: ndege ya alfajiri hadi Nairobi, kisha ndege ndogo ya saa nane mchana hadi Lamu. Ndugu zetu waliweka maziko baada ya Alasiri, ili tuwahi. Katika karatasi, tulikuwa na saa nne kamili baina ya ndege moja na nyingine. Tulijiona tuna wasaa.

Ndege ya kwanza ilichelewa saa moja na nusu. Foleni ya uhamiaji ikachukua sehemu yake, mizigo ikachukua yake. Tulipotoka nje, ami yetu, mzee wa miaka sabini na ushei, alimwuliza dereva wa teksi, "Mwanangu, ndege za Lamu ziko mlango gani?" Kijana akamtazama kwa huruma. "Mzee, za kwenu haziko hapa. Ziko Wilson. Ni safari nyingine hiyo." Hapo ndipo tulipotambua kwamba tiketi zetu mbili zilikuwa za viwanja viwili, na baina yake umelala mji mzima na magari yake.

Hatumlaumu mtu. Kosa lilikuwa letu, na ndiyo sababu twaliandika, ili mwenzetu asilirudie.

Ndugu msomaji, Nairobi ni njia panda ya watu wa pwani. Mji wenyewe ulizaliwa hivyo: reli iliyoanza Mombasa ilifika pale mwaka 1899, wajenzi wakatua ili wajitayarishe kuupanda mlima uliokuwa mbele yao, na kituo hicho cha kutulia kikageuka jiji. Hata leo, anayetoka Lamu au Malindi kwenda Umra, anayepeleka mgonjwa hospitali za Parklands, na anayerudi kutoka Muscat au London, wote huenda wakalazimika kupumzika Nairobi kwa saa kadhaa. Basi ni wajibu wetu kuijua.

Uwanja mkubwa ni ule wa Jomo Kenyatta, ulioko Embakasi, mashariki ya jiji, ambao ulifunguliwa mwaka 1958. Wilson uko upande wa pili, kando ya Barabara ya Lang'ata, na umechukua jina la Florence Kerr Wilson, mwanamke aliyeanzisha kampuni ya ndege ya Wilson Airways mwaka 1929. Ndege kutoka nchi za nje hutua Embakasi. Ndege za Lamu, Malindi na Ukunda, baadhi huondoka Embakasi na nyingine Wilson. Kwa hivyo haitoshi kuandikiwa "Nairobi" katika tiketi. Tazameni herufi tatu zilizo kando ya jina la mji: NBO ni Jomo Kenyatta, WIL ni Wilson. Herufi hizo tatu zilitukosesha maziko ya bibi yetu.

Liko na jambo la mizigo. Ndege ndogo za Wilson mara nyingi huruhusu kilo 15 tu kwa abiria, ilhali zile za Ghuba huruhusu mara mbili ya hizo na zaidi. Anayerudi na masanduku ya zawadi hujikuta kwenye mizani akitoa vitambaa na marashi mbele za watu, huku saa inakwenda. Ni heri mzigo mkubwa uachwe kwa jamaa, ufuate baadaye kwa basi.

Twaulizwa mara nyingi: uwanja gani ni mwema wa kuunganishia ndege, na upi ni mbaya? Wengi hujibu kwa kutaja maduka na taa. Sisi, baada ya yaliyotufika, tuna vipimo vitatu. Je, ndege mbili zako ziko chini ya paa moja? Je, wapo mahali pa mzee kuketi, kutawadha na kuswali bila kutembea sana? Na je, ikikupita ndege ya pili, ni nani mwenye jukumu la kukupeleka?

Kwa kipimo cha kwanza, uwanja wa Hamad wa Doha, uliofunguliwa mwaka 2014, ni mwepesi, kwani abiria wote wamo katika jengo moja, na vyumba vya kuswalia vimo humohumo. Dubai ina kila kitu, lakini Jengo la 2 liko ng'ambo ya njia za kurukia, mbali na Jengo la 1 na la 3. Tena Sharjah ni uwanja mwingine katika mji mwingine. Anayenunua tiketi ya kutua Sharjah na kuruka Dubai amejitwisha mzigo uleule tuliojitwisha sisi baina ya Embakasi na Wilson. Vivyo hivyo London, baina ya Heathrow na Gatwick.

Kipimo cha tatu ndicho kinachosahauliwa zaidi. Tiketi ikiwa moja tangu mwanzo hadi mwisho, ndege ya kwanza ikichelewa, kampuni iliyokuuzia ndiyo ya kukutafutia njia. Tiketi zikiwa mbili, zilizonunuliwa mbalimbali, kampuni ya pili haikujui. Kwake wewe ni abiria aliyechelewa, basi. Na ndege huchelewa hata katika viwanja bora. Tarehe 16 Aprili 2024 mvua kubwa iliifurika Dubai, na abiria wengi wakakwama kwa siku kadhaa. Tarehe 7 Agosti 2013, katika siku za mwisho za Ramadhani, moto uliuteketeza ukumbi wa wanaowasili wa Jomo Kenyatta, na baadhi ya ndege zikaelekezwa Mombasa. Hapana uwanja usiopata siku yake. Mwenye tiketi moja ana wa kumwuliza. Mwenye mbili hujiuliza mwenyewe.

Kwa waendao Umra tuna neno jingine. Wapitao Doha au Dubai, ndege yao hukutana na miqati ya Qarn al-Manazil kabla haijatua Jeddah. Nguo za ihramu zikiwa ndani ya sanduku lililoshushwa tumboni mwa ndege, hazitamfaa mtu. Ziwekwe katika mfuko wa mkononi, na saa za kungojea zitumike kuoga na kujitayarisha. Hapo kungojea kwenyewe kumegeuka kuwa sehemu ya ibada.

Na ukiwa na saa nyingi Nairobi, utazitumiaje? Zikiwa chini ya nne, usitoke uwanjani. Zikiwa nane au zaidi, na ruhusa ya kuingia nchini unayo, jiji liko karibu kuliko zamani. Barabara ya kulipia iitwayo Nairobi Expressway, iliyofunguliwa mwaka 2022, ina urefu wa kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands, na hupita jirani na uwanja. Njia ikiwa wazi, Westlands na Parklands hufikiwa kwa muda mfupi, na huko chakula cha halali na misikiti si vya kutafuta. Ajabu ni kwamba barabara hiyo haifiki Wilson. Aendaye huko sharti ashuke na kujiunga na foleni za chini. Siku mbaya, Westlands iliyo mbali yaweza kufikika kabla ya Wilson iliyo karibu.

Katikati ya jiji, karibu na soko kuu, uko Msikiti wa Jamia, wenye minara miwili na makuba matatu ya rangi ya fedha. Msafiri huingia akiwa na vumbi na wasiwasi wa safari, akatoka ametulia. Asisahau sweta tu: Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na Julai yake haina urafiki na kanzu nyepesi.

Twarudi kwenye siku yetu. Alasiri iliingia tukiwa bado Wilson. Tuliswali katika kona ya ukumbi, na simu ya ndugu yetu ikalia: jeneza limetoka. Walifanya lililo sawa. Maiti hangojeshwi kwa sababu ya waliosoma tiketi vibaya. Ami yetu alisikiliza mpaka mwisho, akairudisha simu, akasema, "Mimi ndiye niliyemwahidi kumshusha kaburini." Hatukuwa na la kumjibu.

Jamaa mmoja alitupokea nyumbani kwake Parklands. Mkewe alitandika, akapika, akamfunika ami kwa blanketi mbili, wala hakuuliza tutakaa siku ngapi. Usiku ule tulimsomea bibi khitma tukiwa mbali naye, na asubuhi tukafika Wilson mapema kiasi cha kuwakuta wafagiaji. Tulipovuka kwa mashua kutoka Manda, matanga yalikuwa siku ya pili.

Tangu hapo, mtu wa nyumba yetu hanunui tiketi mpaka mwingine aisome kwa sauti: tarehe, saa, herufi tatu za kutua na herufi tatu za kuruka. Ami husikiliza akiwa ameketi barazani, na zisipolingana husema neno moja tu: "Rudia." Nawe, ndugu msomaji, kabla hujalipa, mpe mtu wa nyumbani kwako akusomee. Mwenyezi Mungu amrehemu bibi yetu, na awafikishe salama wasafiri wetu wote. Amin.