Fahamu: Namna ya kujua matatu ya Ganze ni mpya au imehamishwa tu

Ukiambiwa barabara ya Kilifi kwenda Ganze na Bamba imepata gari jipya, usitazame rangi. Rangi hupakwa upya kwa siku moja. Tazama nambari.

Kenya hutoa namba za usajili kwa mfuatano wa herufi: za KC zilianza 2014, za KD zikafuata 2020. Kwa hiyo KCB inayong'aa stendi si ngeni barabarani hata kidogo. Na hata KD haimaanishi imetoka kiwandani juzi. Herufi zinaonyesha lini gari lilisajiliwa nchini, na sheria inaruhusu mitumba isiyozidi miaka minane.

Kisha soma ubavuni. Mstari wa manjano uliletwa na kanuni za John Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, mwaka 2004, na juu yake huandikwa njia ya gari. Ukiona maandishi ya zamani yakichungulia chini ya rangi, basi gari limehamishwa kutoka kwingine. Jina la sacco nalo lina maana: kanuni za 2014 zinataka kila sacco au kampuni iwe na magari yasiyopungua 30, ndiyo maana mwenye gari moja hujiunga na wenzake.

Kwa safari ya Ganze, muhimu zaidi ni leseni ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Iulizie kabla hujalipa nauli.