Kamshafti na pistoni za Datsun 240Z: kwa nini ziagizwe pamoja

Mfanyabiashara anayeagiza kamshafti ya injini ya zamani leo na kuacha pistoni hadi mwezi ujao anajiweka katika hatari ya kulipia mzigo usiofaa. Vipuri hivi viwili hutegemeana. Vikikosana, mteja hurudisha mzigo dukani wakati ushuru na nauli vimeshalipwa, na huko Japani au Marekani ulikotoka ni nadra kupokelewa tena.

Mfano mzuri ni Datsun 240Z. Gari hili linajulikana sana Afrika Mashariki kwa kushinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1971, likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiwa mikononi mwa Shekhar Mehta. Tangu mashindano ya magari ya zamani, East African Safari Classic, yalipoanza mwaka 2003, aina hii imekuwa miongoni mwa yanayoshiriki, na baadhi ya miaka njia yake imevuka kutoka Kenya kuingia Tanzania. Ndiyo maana vipuri vyake bado vina wateja pande zote mbili za mpaka.

Jambo la kwanza ni kuuliza injini iliyomo ndani ya gari, si jina la gari. 240Z ilitoka kiwandani na injini ya L24 yenye silinda sita, cc 2393, kipenyo cha silinda milimita 83 na mwendo wa pistoni milimita 73.7. Lakini magari mengi yamewekwa L28 ya cc 2753, yenye kipenyo cha milimita 86 na mwendo wa milimita 79, kwa sababu inakaa mahali pale pale bila taabu. Alama ya L24 au L28 imepigwa kwenye bloku. Hedi nayo ina namba yake, kama E31 au N42, na hedi hizo hazilingani kwa ukubwa wa chumba cha kuchomea.

Hapo ndipo hesabu inapoanza. Silinda moja ya L28 ina cc 459. Tuseme pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki ni cc 55. Jumla ni cc 514. Ukigawanya kwa 55 unapata mgandamizo wa takriban 9.3 kwa 1. Sasa badilisha pistoni bapa uweke zenye kibakuli juu, kibakuli cha cc 11. Nafasi inakuwa cc 66 na mgandamizo unashuka hadi karibu 8 kwa 1. Hedi ni ile ile, bloku ni ile ile, ila injini ni nyingine kabisa.

Kamshafti inaingia wapi? Kamshafti ya mashindano huacha valvu ya kuingiza hewa wazi kwa muda mrefu, hata pistoni inapoanza kupanda. Kwa mwendo mdogo, sehemu ya mchanganyiko wa hewa na petroli husukumwa irudi ilikotoka. Kamshafti ya digrii 300 juu ya pistoni zenye kibakuli hutoa injini inayotetemeka ikiwa imesimama, haina nguvu mlimani, na inakula mafuta. Mteja atalaumu kabureta, kisha fundi, kisha muuzaji.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Kamshafti ya kawaida ikiwekwa pamoja na pistoni bapa na hedi yenye chumba kidogo, mgandamizo unakuwa mkubwa mno na petroli huwaka kabla ya wakati wake. Injini hugonga, na pistoni inaweza kutoboka. Kwa wasafiri wa mpakani kuna mtego hapa: Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Injini iliyotulia Nairobi inaweza kuanza kugonga ikishuka Mombasa au Tanga. Hesabu ifanywe kwa ajili ya pwani, na kwa petroli dhaifu kuliko zote zitakazopatikana njiani.

Aidha, kamshafti inayofungua valvu juu zaidi inaweza kuzigonganisha na pistoni. Mafundi huweka udongo laini wa kuchezea watoto juu ya pistoni, hufunga hedi, huzungusha injini kwa mkono mizunguko miwili, kisha hupima unene uliobaki. Kanuni ya kawaida ni isipungue milimita 2 upande wa kuingiza na milimita 2.5 upande wa kutoa moshi. Ni kazi ya nusu siku, na anayeiruka hana haki ya kulalamika.

Kamshafti za bei nafuu mara nyingi ni za zamani zilizochongwa upya. Zikichongwa hupungua unene, hivyo zinahitaji vipedi vinene zaidi kati ya roka na valvu. Viagizwe humo humo, pamoja na springi zinazolingana. Pia ulizwe upitishaji wa oili: baadhi ya kamshafti za injini hizi zimetobolewa ndani, nyingine hutegemea bomba la kunyunyizia. Isiyotobolewa ikiwekwa kwenye hedi isiyo na bomba hulika haraka sana.

Bloku isichongwe kabla ya pistoni kufika. Pistoni za kufua hutanuka kuliko za kusubu, na nafasi yake ndani ya silinda hufuata karatasi ya mtengenezaji.

Kwa upande wa forodha, pistoni za injini za petroli huingia chini ya namba 8409.91 na kamshafti chini ya 8483.10, kwa hiyo ankara izitenganishe hata kama sanduku ni moja. Cheti rahisi cha asili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki hakisaidii hapa, kwani ni cha bidhaa zinazotoka ndani ya Jumuiya. Kununua Nairobi hakubadilishi mahali pistoni ilipotengenezwa.

Wasafirishaji nao wakumbuke kuwa kamshafti ya chuma cha kusubu huvunjika ikianguka. Ifungwe juu ya ubao ulionyooka kwa urefu wake wote, na pistoni sita zibaki katika vikasha vyake, kwa kuwa zimepimwa uzito zikiwa seti.