Samaki Nyumbani Bila Mtambo wa Kuchuja Maji

Wengi hudhani kwamba samaki hawafugiki nyumbani pasipo mtambo wa umeme wa kuchuja maji. Sivyo. Mwaka 1850, mkemia Robert Warington wa London alieleza jinsi alivyofuga samaki wawili wa dhahabu pamoja na mmea wa majini uitwao Vallisneria. Mwanzoni majani yaliyooza yalichafua maji. Alipoongeza konokono wa kuyala, maji yakatakata.

Adui mkubwa ni amonia itokayo katika kinyesi na mabaki ya chakula. Haionekani kwa macho. Maji yaweza kuwa maangavu na bado yakaua. Mimea huifyonza, nao bakteria wa mchangani huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo madhara yake ni madogo. Bakteria hao huchukua majuma kadhaa kuongezeka. Ndiyo sababu tangi lililojazwa samaki siku ya kwanza huleta msiba, na watoto wakalia.

Tangi la kioo lenye urefu wa sentimeta 60, upana wa 30 na kina cha 30 hubeba lita 54. Basi liwekwe juu ya meza imara, mbali na jua kali. Tandaza mchanga uliooshwa, kina cha sentimeta 5, kisha panda mimea mingi. Maji ya bomba yakae saa 24 katika ndoo iliyo wazi ili klorini itoke. Ngoja majuma 4, ndipo utie samaki wadogo watatu. Samaki wa dhahabu hukua mno kwa tangi hili.

Kila juma punguza robo ya maji, ukijaza mengine yaliyotulia. Wakionekana alfajiri wakihema juu ya maji, oksijeni imepungua, kwa kuwa usiku mimea nayo huitumia: punguza idadi yao.

Katika jambo moja tusimwige Warington. Baadhi ya konokono wa maziwa na mito yetu hubeba kichocho. Usimtume mtoto kuwaokota wala kuchota maji ufukweni. Nayo mimea ikaguliwe, konokono na mayai yao yaondolewe.

Mwisho, mtu mmoja tu nyumbani akabidhiwe kulisha, mara moja kwa siku, kiasi kinachokwisha kwa dakika mbili. Mama akilisha, mtoto akalisha, na baba atokapo zamu naye akalisha, samaki watakufa kwa ukarimu.