Mwerezi na Mwenye Ukoma
(Mazungumzo ya redioni. Somo: Mambo ya Walawi 14:1-9)

Aliye na Biblia karibu naye na afungue Mambo ya Walawi, sura ya 14, asome kuanzia mstari wa kwanza hata wa tisa. Asiye nayo asihuzunike, maana nitaeleza yaliyomo.

Swali lililonifikia ni hili. Ikiwa Mungu alimwagiza Musa kwamba mti wa mwerezi utumiwe katika kumtakasa mwenye ukoma, je, ni vibaya Mkristo akichemsha gome la mutarakwa, akanywa, akingojea kupona? Swali hili si jepesi kwangu, na kabla sijamaliza mtajua kwa nini.

Kwanza tuutambue mti wenyewe. Mwerezi wa Lebanoni haumei kwetu. Ni mti wa milima ile iliyo kaskazini ya nchi ya Israeli, mahali penye theluji wakati wa baridi. Hukua polepole sana, matawi yake yakitanda kando kama meza juu ya meza, na huishi mamia ya miaka. Mbao zake ni nyekundu kidogo, zina harufu nzuri na mafuta ndani yake. Kwa sababu ya mafuta hayo wadudu hawazipendi, wala haziozi upesi. Mwaka 1954, karibu na piramidi kubwa kule Giza, Misri, watu walifukua shimo lililofunikwa kwa mawe wakakuta ndani yake mashua ya mfalme Khufu, iliyofunguliwa vipande vipande. Baada ya kuunganishwa ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 40. Ilikuwa imelala chini ya ardhi miaka 4,500 hivi, na sehemu kubwa yake ni mwerezi wa Lebanoni. Wamisri hao hao walitumia utomvu na mafuta ya miti ya namna hii katika kuhifadhi maiti za wakubwa wao.

Basi si ajabu Sulemani alipotaka kumjengea Bwana nyumba alipeleka habari kwa Hiramu, mfalme wa Tiro. Twasoma katika 1 Wafalme sura ya 5 kwamba watu 30,000 walitolewa kwa kazi hiyo, wakaenda Lebanoni kwa zamu, 10,000 kila mwezi. Magogo yalifungwa pamoja yakaelea baharini hata pwani ya Israeli. Wafalme wengine nao walikata, kizazi baada ya kizazi, na leo mierezi ya Lebanoni imebaki katika vichaka vichache. Kichaka kimoja mashuhuri kiko karibu na mji wa Bsharri. Mwaka 1876 Malkia Victoria wa Uingereza alitoa fedha za kukijengea ukuta wa mawe, ili mbuzi wasile miche. Nasema, mbuzi walikuwa wakifanya yale ambayo shoka la Sulemani lilianza.

Sasa mutarakwa wetu. Wazungu walipofika nyanda za juu za Kenya waliuona mti huu, wakanusa mbao zake, wakauita mwerezi, na jina hilo likashika. Lakini wataalamu wa miti watakuambia kwamba si mwerezi halisi. Ni wa jamii nyingine iitwayo juniperi. Wakikuyu huuita mutarakwa, Wakalenjin tarakwet, Wamaasai ol-tarakwai. Jina karibu ni moja kwa makabila matatu, nami nadhani hilo laonyesha jinsi mti huu ulivyopendwa na wote. Huko Tanzania huitwa mwangati. Kwetu humea Nyandarua, Mlima Kenya, Mau na Cherangani, mahali penye baridi ambapo mvua si nyingi mno, mara nyingi pamoja na mutamaiyu, yaani mzeituni wa porini.

Watu wa nyanda za juu hawahitaji kufundishwa faida zake. Nguzo ya mutarakwa ikichimbiwa ardhini, mchwa huipita na kwenda kutafuta mti mwingine. Ziko nguzo za seng'enge zilizowekwa na mababu ambazo wajukuu bado wanafungia ng'ombe. Waogiek wa Mau huchonga mizinga yao ya nyuki katika magogo yake na kuifunika kwa gome lake. Zamani mbao zake zilisafirishwa Ulaya kutengenezea penseli, na yamkini baadhi yenu mlijifunza kuandika jina lenu kwa kipande cha mutarakwa bila kujua.

Na dawa je? Ndiyo, wazee waliutumia. Matawi machanga na gome vilichemshwa kwa ajili ya minyoo na homa. Utomvu ulipakwa juu ya vidonda. Majani yalitiwa katika maji ya moto, mgonjwa akafunikwa blanketi avute mvuke kifua kifunguke. Sisemi kwamba wazee hao walikuwa wajinga. Mafuta yaliyo ndani ya mbao hizi yamechunguzwa, na yameonekana kufukuza wadudu na kuzuia vijidudu vya namna fulani visikue. Nguzo yenyewe yatoa ushuhuda, maana kuoza ni kazi ya vijidudu na kuvu, na huo mti hukataa kuoza.

Lakini, ndugu msikilizaji, kuzuia vijidudu katika chupa ya mchunguzi ni jambo moja, na kumponya mtu ni jambo jingine. Hakuna apimaye ni gome kiasi gani limeingia katika sufuria. Chai ya leo yaweza kuwa nyepesi, na ya kesho kali mara kumi. Tena katika jamii hii ya juniperi uko mti wa Ulaya uliojulikana tangu kale kwa kuharibu mimba na hata kumwua mama. Kwa hiyo mama mjamzito asinywe kabisa, na mtoto mdogo asinyweshwe. Anayevuta mvuke kwa sababu ya mafua sina ugomvi naye, ila aangalie asiungue.

Turudi sasa kwenye Walawi, maana hapa ndipo wengi tulipojikwaa.

Sheria ile yasema nini? Mwenye ukoma alikuwa akikaa nje ya kambi. Kuhani alitoka nje kwenda kumtazama. Angalieni neno hili, kuhani alitoka nje. Kama aliona kwamba pigo limekwisha kupona, ndipo alipoagiza vitu vinne viletwe: ndege wawili walio hai, mti wa mwerezi, sufu nyekundu na hisopo. Ndege mmoja alichinjwa juu ya chombo cha udongo chenye maji ya kijito. Yule aliye hai, pamoja na mwerezi na sufu na hisopo, alichovywa katika ile damu. Mtu akanyunyiziwa mara saba, akatangazwa kuwa safi, na ndege aliye hai akaachiliwa aruke mashambani. Baadaye mtu akafua nguo zake, akanyoa nywele, akaoga, akaingia kambini. Hata hivyo alikaa siku saba nje ya hema yake.

Mmeona utaratibu wake? Kupona kulitangulia, na mwerezi ukafuata. Hakuna mstari hata mmoja katika sura hii unaosema mgonjwa alikunywa mwerezi, au alipakwa mwerezi ili apone. Mti ule haukuletwa kuondoa ugonjwa. Uliletwa siku ya kumrudisha mtu kwa watu wake. Ndivyo pia katika Hesabu sura ya 19, ambapo mwerezi na hisopo vilitupwa katika moto wa yule ng'ombe mwekundu, na majivu yakatumiwa kumtakasa aliyegusa maiti. Huyo hakuwa mgonjwa. Alikuwa ametengwa, akarudishwa.

Kwa nini mwerezi basi, na si mti mwingine? Maandiko hayatoi sababu. Wako wanaosema ni kwa kuwa haufanyi upesi kuoza, nao umekuwa mfano mzuri wa uzima mbele ya mtu ambaye mwili wake ulionekana kama unaoza. Wako wanaokumbuka kwamba Sulemani, katika 1 Wafalme 4, alinena habari za miti tangu mwerezi hata hisopo inayoota ukutani, yaani kutoka ule mkubwa hata ule mdogo kabisa. Mimi hupenda maelezo hayo ya pili, ingawa siwezi kuyathibitisha. Tena katika jangwa la Sinai mwerezi wa Lebanoni haumei. Wataalamu kadhaa hudhani mti uliotumiwa jangwani ulikuwa juniperi wa huko. Kama ni hivyo, ulikuwa ndugu wa karibu wa mutarakwa wetu kuliko wa ile miti ya Hiramu.

Jambo jingine. Neno ambalo Biblia zetu hutafsiri ukoma lilikuwa pana. Katika sura hizo hizo za 13 na 14 twasoma habari za ukoma wa nguo na ukoma wa kuta za nyumba, na bila shaka huo ni ukungu au kuvu. Ukoma tunaoujua leo ni ugonjwa mmoja, wenye kijidudu chake. Kijidudu hicho kiligunduliwa mwaka 1873 na daktari Hansen wa Norwe. Huanza mara nyingi kwa baka kwenye ngozi, lililofifia rangi au lenye wekundu, lisilosikia mtu akiligusa. Haulii wala haukosi usingizi. Kwa kuwa hauumi, mtu hungoja. Na wakati anapongoja, mishipa ya fahamu huharibika, vidole hupoteza hisia, huungua jikoni bila mwenyewe kujua.

Sasa nitasema kwa nini swali lile si jepesi kwangu.

Nilipokuwa mwinjilisti kijana, mama mmoja wa kanisa letu alinionyesha baka mkononi mwake. Alikuwa ameambiwa na jirani apake utomvu wa mutarakwa. Akaniuliza, “Mwalimu, ni dhambi?” Mimi nilifurahi kuonyesha elimu yangu. Nilimfungulia Walawi 14, nikamwambia kwamba Mungu mwenyewe aliuchagua mti huo kwa ajili ya ugonjwa wa ngozi. Niliusoma mstari wa nne na kuuruka wa tatu, ule usemao kwamba alikuwa amekwisha kupona. Tukaomba. Akapaka utomvu, akanywa na gome, karibu miaka miwili.

Muuguzi aliyekuja kijijini kuchanja watoto ndiye aliyemwona vidole, akampeleka hospitali. Huko walitambua ukoma. Alipewa vidonge vya kumeza miezi kumi na miwili, dawa mchanganyiko ambazo Shirika la Afya Duniani lilianza kuagiza mwaka 1981, na ambazo hutolewa bila malipo. Alipona kabisa. Lakini vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimekwisha kupinda, wala hisia haikurudi. Kama angekwenda wakati ule aliponionyesha lile baka, angekuwa na vidole vyote.

Alirudi kanisani, na watu hawakutaka kuketi karibu naye. Daktari alikuwa ameeleza kwamba mtu aliyekwisha anza dawa hizo haambukizi wengine baada ya muda mfupi tu, na huyu alikuwa amemaliza zote. Haikusaidia. Benchi lake lilibaki wazi pande zote mbili, Jumapili baada ya Jumapili. Ndipo nilipoifahamu sura ile ambayo nilidhani naijua. Dawa ilikuwa imekwisha fanya kazi yake hospitali. Kilichobaki ni mtu wa kutoka nje ya kambi kumwendea. Bwana Yesu alipomponya yule mwenye ukoma katika Marko 1, alimgusa kwanza, kisha akamtuma kwa kuhani na ile sadaka aliyoamuru Musa. Ndege, mwerezi, hisopo, sufu, vyote vilikuwa kwa ajili ya kumrudisha.

Jumapili iliyofuata, kabla ya mahubiri, nilisimama nikawaeleza washiriki kosa langu, mstari kwa mstari. Halafu nikashuka nikaketi katika benchi lile. Mzee mmoja wa kanisa akaja upande wa pili. Yule mama hakusema neno. Alifungua kitabu chake cha nyimbo kwa ule mkono uliopinda, akakisogeza kidogo ili nami nione.

Basi, wewe uliyeuliza: kama una baka lisilosikia, liwe lako au la mtoto wako, nenda zahanati kesho asubuhi. Mutarakwa uache usimame, au uchimbie nguzo yake malangoni. Wakati ujao, Mungu akipenda, tutazungumza habari za hisopo. Bwana awabariki.